Namba za vichwa zinaruka kwenye tasnifu: usizitengeneze pale unapoziona

Mkuu uliyeuliza, nimekuelewa. Umeunganisha sura tano za tasnifu kuwa faili moja la Word. Sura ya Kwanza sasa inaanza na 2.1 badala ya 1.1, Sura ya Pili inaanza na 4.1, na kule Sura ya Tatu kuna kichwa kimoja kinachong'ang'ania 1.7 hata ukikifuta na kukiandika upya. Msimamizi amekurudishia kazi, na tarehe ya kuwasilisha inakaribia.

Waliotangulia kukujibu wamekushauri uzime namba za Word uandike kwa mkono. Nakuomba usifanye hivyo. Siku msimamizi atakapokwambia hamishia kipengele cha umuhimu wa utafiti juu ya maswali ya utafiti, itabidi uandike upya kila namba inayofuata, kisha uwinde kila mahali ulipoandika "kama ilivyoelezwa katika 3.4". Nafanya kazi ya kupanga tasnifu na ripoti za wanafunzi, nyingi za Kiswahili, na kazi ngumu kuliko zote kuzinyoosha ni zile zilizochanganya namba za Word na namba za mkono.

Jambo la kushika kwanza ni hili. Kwenye Word, namba si mali ya mstari unaouona. Ni mali ya orodha, orodha ina ngazi tisa, na kila ngazi inatakiwa kufungwa kwenye staili yake, yaani mpangilio wenye jina unaoupa aya: ngazi ya kwanza kwenye Heading 1, ya pili kwenye Heading 2, na kuendelea. Ukiona 4.1 mahali pa 2.1, Word haijakosea kuhesabu. Imehesabu vitu ambavyo wewe hukujua kwamba vinahesabiwa. Ndiyo maana kufuta na kuandika upya hakusaidii.

Tuanze na hiyo 2.1 na 4.1, maana inatupata sana sisi tunaoandika kwa mtindo wa "SURA YA KWANZA" juu na "UTANGULIZI" chini yake. Nina hakika mistari yote miwili umeipa Heading 1, na kati yake umebonyeza Enter. Kwa Word, kila aya yenye Heading 1 ni sura kamili. SURA YA KWANZA imehesabiwa moja, UTANGULIZI ikahesabiwa mbili, kwa hiyo kipengele cha kwanza kikawa 2.1. SURA YA PILI ikawa tatu, MAPITIO YA MAANDIKO ikawa nne, ukapata 4.1. Sura ya Tatu itakuwa inaanza na 6.1, kaangalie. Namba hizo za ngazi ya kwanza huzioni kwa sababu aliyekuandalia kiolezo alifuta maandishi ya namba, lakini kuhesabu kunaendelea kimyakimya.

Dawa yake ni fupi. Weka kishale mwishoni mwa "SURA YA KWANZA", bonyeza Delete mpaka UTANGULIZI ipande kwenye mstari huohuo, kisha kati yake bonyeza Shift na Enter kwa pamoja. Mstari utavunjika, lakini aya itabaki moja, na sura itahesabiwa mara moja. Fanya hivyo kwa sura zote tano.

Kabla hujahama hapo, washa alama za aya kwa Ctrl+Shift+8 upitie mwanzo wa kila sura. Mara nyingi mtu anaweka kishale mbele ya neno SURA anabonyeza Ctrl+Enter ili sura ianze ukurasa mpya. Mkato ule wa ukurasa unabaki ndani ya aya tupu yenye Heading 1, na aya hiyo tupu nayo inahesabiwa kuwa sura. Ifute. Badala yake bofya kulia kwenye Heading 1 katika orodha ya staili, chagua Modify, Format, Paragraph, kisha kwenye Line and Page Breaks weka tiki penye Page break before. Kila sura itaanza ukurasa mpya yenyewe bila mkato wa mkono.

Sasa hiyo 1.7. Bofya juu ya namba yenyewe, si juu ya maneno. Namba itakuwa ya kijivu, pamoja na namba nyingine zote za ngazi ile zilizomo kwenye orodha ileile. Kama 3.1, 3.2 na 3.3 hazijageuka kijivu pamoja nayo, basi kichwa hicho kimo kwenye orodha nyingine kabisa. Kimekuja na orodha yake kutoka faili ulikokikopi. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu kwenye orodha ya staili kinasomeka Heading 2 kama wenzake. Staili ni sawa, ila juu ya staili imebandikwa namba ya moja kwa moja, na iliyobandikwa moja kwa moja inaishinda staili.

Weka kishale kwenye kichwa hicho ubonyeze Ctrl+Q. Hiyo inaondoa kila kilichobandikwa kwenye aya na kuirudisha kwenye staili yake. Kama vichwa vya namna hiyo ni vingi, bofya kulia Heading 2 kwenye orodha ya staili, chagua ile ya Select All, vyote vitachaguliwa kwa pamoja, kisha Ctrl+Q mara moja. Rudia kwa Heading 3. Hifadhi nakala ya faili kwanza, kwa jina jingine, kabla ya kugusa lolote kati ya haya.

Baada ya usafi huo, ndipo tujenge orodha moja inayotawala kazi nzima. Hapa nenda taratibu.

Weka kishale kwenye Heading 1 ya kwanza kabisa. Hili si la hiari. Ukianzia katikati ya kazi unaweza kuzaa orodha nyingine juu ya zile ulizonazo. Kwenye Home, sehemu ya Paragraph, bofya kitufe cha Multilevel List, kisha Define New Multilevel List. Usiogope neno New: kishale kikiwa kwenye kichwa ambacho tayari kina orodha, dirisha hilo linakuonyesha orodha hiyohiyo uirekebishe. Bofya More pale chini kushoto, maana bila hiyo sehemu muhimu zimefichwa.

Upande wa kushoto chagua 1. Kulia, penye Link level to style, chagua Heading 1. Kisha chagua 2, funga na Heading 2. Halafu tazama kisanduku cha Enter formatting for number. Ndani yake utaona 1.1. Tarakimu zenye kivuli cha kijivu ni hai, zinabadilika kufuata sura. Tarakimu isiyo na kivuli imechapwa kwa mkono na haitabadilika milele, mtu akishaandika "1." pale, vipengele vya Sura ya Tano navyo vitasoma 1.1, 1.2, 1.3. Nikipokea faili ambalo kila sura inaanza na 1.1, hapa ndipo ninapoangalia kwanza.

Kwa hiyo futa kila kitu kwenye kisanduku hicho uanze upya. Penye Include level number from chagua Level 1, na tarakimu ya kijivu itaingia. Chapa nukta. Kisha penye Number style for this level chagua 1, 2, 3, na tarakimu ya pili itaingia. Ngazi ya 3 ni hivyohivyo: Level 1, nukta, Level 2, nukta, halafu namba ya ngazi yenyewe. Hakikisha Restart list after ina tiki, ngazi ya 2 ikianza upya baada ya Level 1, na ya 3 baada ya Level 2. Tiki hiyo ikikosekana ndipo unapata 2.8 mwanzoni mwa Sura ya Pili kwa sababu Sura ya Kwanza iliishia 1.7.

Nafasi za pembeni nazo zipange humohumo, kwa Aligned at na Text indent at. Ukizipanga kwenye rula au kwenye mpangilio wa aya, orodha na staili zitaanza kuvutana.

Kuhusu maneno ya ngazi ya kwanza, hakuna staili ya namba ndani ya Word inayosoma Kwanza, Pili, Tatu. Ile ya One, Two, Three ni ya Kiingereza, na ukiitumia vipengele vyako vitasoma One.1. Njia unayotumia wewe, ya kufuta maandishi ya namba kwenye ngazi ya 1 na kuandika SURA YA KWANZA kama sehemu ya kichwa, inafanya kazi, na vipengele vinapata 1.1 bila shida. Ina gharama moja. Majedwali yanayotaka namba ya sura, yaani Jedwali 4.1, Jedwali 4.2, yanaisoma kutoka kwenye namba ya Heading 1, na ukiwa umeifuta hayana cha kusoma. Kama chuo chako kinaruhusu "SURA YA 1", chapa SURA YA kisha nafasi kabla ya tarakimu ya kijivu kwenye ngazi ya 1, na majedwali yatakwenda sawa. Mimi ningechagua hiyo kwa tasnifu yenye majedwali mengi, na ningemwomba msimamizi ruhusa kabla ya kazi kufika kwa wakaguzi. Wanaotakiwa kutumia SURA YA I, II, III waweke tiki penye Legal style numbering kwenye ngazi ya 2 na ya 3, vinginevyo watapata II.1.

Ikirari, Shukrani, Ikisiri na Marejeleo havina namba lakini lazima vionekane kwenye Yaliyomo. Usivipe Heading 1 kisha ukafuta namba kwa Backspace. Vitaonekana vizuri leo, ila mtu akirudisha staili kwa bahati mbaya, Shukrani zinageuka sura na kazi nzima inasogea. Tengeneza staili mpya inayotokana na Normal, iite KichwaBilaNamba, ifananishe na Heading 1 kwa fonti na ukubwa, kisha kwenye mpangilio wake wa aya weka Outline level iwe Level 1. Yaliyomo ya kawaida ya Word yanasoma ngazi hiyo pia, kwa hiyo vitaingia.

Viambatisho navipa Heading 7 ndani ya orodha ileile: ngazi ya 7, kisanduku kikiwa na neno Kiambatisho na herufi A, B, C. Kisha kwenye Options za Yaliyomo, penye Heading 7, andika 1.

Mambo mawili yanayoharibu kazi iliyokwisha kunyooka. La kwanza, kwenye Modify ya staili za vichwa kuna kitiki cha Automatically update. Kitoe. Kikiwepo, kurekebisha kichwa kimoja kunabadilisha vyote vya staili ile bila wewe kuambiwa. La pili ni kupesti. Ukileta maandishi kutoka faili jingine, yapesti kwa Keep Text Only, kisha uyape staili hapo yalipofikia: Ctrl+Alt+1 kwa Heading 1, Ctrl+Alt+2 kwa Heading 2, Ctrl+Alt+3 kwa Heading 3. Inachosha kidogo, na italiki zitapotea utazirudisha, lakini orodha za faili la zamani hazitakufuata.

Ukikuta kisanduku cheusi mahali pa namba, jambo linalotokea kwenye mafaili yaliyopita mikononi mwa watu wengi, kazi yako haijapotea. Weka kishale mara baada ya kisanduku, bonyeza mshale wa kushoto mpaka kisanduku kigeuke kijivu, bonyeza Ctrl+Shift+S, kisha bofya Reapply.

Wanaotumia programu ya LibreOffice badala ya Word wana njia fupi zaidi: Tools, kisha Heading Numbering, ambayo kwenye matoleo ya nyuma iliitwa Chapter Numbering. Ngazi ya 1 ifunge na Heading 1, ngazi ya 2 na Heading 2, na penye Show sublevels weka 2 kwa ngazi ya pili na 3 kwa ya tatu. Hapo "SURA YA" inaingia kwenye kisanduku cha Before. Ila kama msimamizi wako anafungua kwa Word, fungua nakala ya mwisho kwenye Word uikague kabla hujaituma.

Kwako mkuu, nenda kwa mpangilio huu: nakala, Shift+Enter kwenye sura tano, kufuta aya tupu, Ctrl+Q, ndipo orodha. Kama faili limerudi na masahihisho ya Track Changes, yakubali au yakatae kwanza, kwa sababu kichwa kilichofutwa kinaweza kuendelea kuhesabiwa mpaka ufutaji wake ukubaliwe. Mwisho bonyeza Ctrl+A kisha F9 ili Yaliyomo yafuate namba mpya, na ukiulizwa kuhusu Yaliyomo chagua Update entire table. Namba ikibaki inaruka mahali popote, bofya juu yake, angalia zipi zinageuka kijivu pamoja nayo, uniandikie hapa ulichoona pamoja na toleo la Word unalotumia.