Kwotabeki: "robo" ya nini?

Ndugu, umeuliza kwa nini kwotabeki, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, anaitwa wa "robo" wakati ndiye anayeongoza mashambulizi yote. Hiyo robo ("quarter" kwa Kiingereza) si cheo, ni umbali. Majina haya chimbuko lake ni raga: aliye karibu na mstari wa mbele ni robo, hafubeki nusu, fulubeki nyuma kabisa. Mwaka 1880, kwa pendekezo la Walter Camp, mmoja wa waasisi wa futiboli hiyo, mpira ukawa unaanza kwa kurudishwa nyuma kutoka mstarini badala ya kugombaniwa, na mpokeaji akawa huyo wa robo. Kichekesho ni kwamba siku hizi fulubeki mara nyingi husimama mbele ya hafubeki, ila jina halikubadilika! Na beki wetu wa soka? Neno ni hilohilo: "back", yaani wa nyuma.