Afisa rasilimali watu si mwenyekiti wa kamati ya sherehe

Juzi dada mmoja msomaji wangu alinitumia ujumbe mrefu. Ana shahada ya usimamizi wa rasilimali watu, na kazi kubwa aliyopewa robo hii ni kutafuta ukumbi, kukusanya saizi za fulana na kuhakikisha jina la mkurugenzi halikosewi kwenye keki. Akamalizia: "Kaka, hivi nilisomea haya?" Swali hilo limenikaa rohoni.

Mdogo wangu, uchungu huo naujua. Kampuni moja niliyofanyia kazi iliamua kupunguza watu, na idara yetu haikuitwa kwenye kikao hata kimoja. Tuliambiwa mambo yakiwa yameshaiva, majina yamechaguliwa na barua zimechapwa. Mimi nikatakiwa kuandaa hafla ya kuwaaga. Nikaagiza vinywaji, nikapanga viti. Miongoni mwa walioagwa alikuwemo mtu pekee aliyeujua mfumo wa mishahara nje ndani. Haikupita muda akaitwa arudi kama mshauri, kwa malipo yaliyozidi mshahara wake wa zamani. Mpaka leo nikikumbuka naudhika, maana wangetuuliza swali moja tu yasingetokea.

Tatizo lenyewe ni la siku nyingi. Mwaka 1954 Peter Drucker, mwandishi maarufu wa masuala ya uongozi wa kampuni, alishalalamika kwamba kazi ya utumishi imegeuka mchanganyiko wa kutunza mafaili, kuhudumia ofisi, ustawi wa jamii na kuzima migogoro na vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1997 Dave Ulrich, profesa wa Marekani anayeandika kuhusu rasilimali watu, akaigawa kazi hiyo katika majukumu manne: mshirika wa mkakati, msukuma mabadiliko, mtaalamu wa utawala na mtetezi wa wafanyakazi. Kupamba ukumbi hakumo.

Nilipohamia kwingine sikusubiri kualikwa. Nilichukua mafaili ya wote walioacha kazi nikatengeneza jedwali: idara, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, msimamizi, sababu. Nilipolipanga kwa jina la msimamizi, mambo yakajianika. Wengi walikuwa chini ya mtu mmoja, na hawakumaliza hata mwaka. Nikaongeza gharama: matangazo ya nafasi, saa za usaili, mafunzo, malipo ya ziada kwa waliobaki wakiziba pengo. Nikampelekea mkurugenzi wa fedha kwanza, kwa sababu yeye hasara huiona haraka. Aliusoma ukurasa ule mara mbili, akaomba abaki nao. Tangu hapo bajeti ya watu haikupangwa bila mimi kuwepo, na hilo najivunia waziwazi.

Kwa hiyo anza na takwimu. Idadi ya walioondoka igawe kwa wastani wa wafanyakazi, zidisha kwa 100. Wakiondoka 18 kati ya 120, hiyo ni asilimia 15. Usiishie hapo, kwani wastani huficha mengi. Ichambue kwa idara, kwa msimamizi, kwa muda waliokaa. Kisha jiulize kampuni inataka kwenda wapi na ni ujuzi gani itaukosa njiani. Wakubwa duniani wameshaamka: kiwango cha kimataifa cha kuripoti rasilimali watu, ISO 30414, kilitoka 2018, na mwaka 2020 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ikazitaka kampuni zilizoorodheshwa kueleza habari za watu wao katika taarifa zao. Wewe bado unahesabu sahani?

Sherehe sizichukii. Watu wakifurahi pamoja ni jambo jema, lakini undeni kamati ya kupokezana, kila idara na zamu yake, nawe ubaki na kazi ambayo hakuna mwingine wa kuifanya. Bonanza halimbakizi mtu anayelipwa chini ya mwenzake kwa kazi ileile. Halimrekebishi msimamizi anayefokea watu.

Na tuache kulalamika kwenye korido kwamba hatuthaminiwi. Omba dakika kumi kwenye kikao kijacho cha menejimenti. Nenda na ukurasa mmoja, tatizo moja, gharama yake na pendekezo lako. Wakikukatalia, mwachie mkurugenzi nakala, uombe tena mwezi ujao ukiwa na takwimu mpya.