Miaka 16 na hisa ya benki moja: bei haikuniambia yote

Mwaka 2007 nilinunua hisa 1,000 za benki moja kwa ushauri wa dalali aliyeniambia maneno mawili tu: nunua, sahau. La kwanza nilitii siku hiyohiyo. La pili lilinishinda, maana kabla ya miaka miwili kwisha bei ilikuwa imeporomoka kwa asilimia 60, na mtu hasahau jambo kama hilo. Nililala nalo, nikaamka nalo.

Siku hizi wanaotaka kununua hisa huniuliza kama ililipa. Ukitazama bei peke yake, jibu ni "kidogo sana". Tuseme nilinunua kila hisa kwa 100. Mwaka 2023 ilikuwa 130. Ongezeko la asilimia 30 kwa miaka 16 halifiki hata asilimia 2 kwa mwaka. Fedha ile ingekaa kwenye akaunti ya amana, huenda ingezaa zaidi, na mimi ningelala.

Lakini nina daftari. Lina safu nne: tarehe, gawio (sehemu ya faida ambayo benki huwagawia wenye hisa) lililoingia baada ya kodi, hisa nilizonunua kwa gawio hilo, na jumla ya hisa. Nililianzisha kwa hasira zaidi kuliko busara, nikitaka ushahidi wa kumwonyesha yule dalali. Badala yake likanifundisha mimi. Mwaka 2012, bei ikiwa bado imelala, gawio dogo lilininunulia hisa 71. Mwaka 2019 gawio lilikuwa karibu mara mbili ya lile, lakini bei ilikuwa imepanda, nikapata hisa 58 tu. Ile miaka niliyoiona ya msiba ndiyo iliyonijazia kapu. Kufikia 2023 hisa 1,000 zilikuwa zimekuwa 1,940, bila kuongeza hata senti moja kutoka mfukoni.

Piga hesabu: 1,940 mara 130, gawanya kwa 100,000 nilizoanza nazo. Ni mara mbili na nusu. Hapo ndipo watu hunipongeza, na hapo ndipo ninapowazuia. Mara mbili na nusu kwa miaka 16 ni takriban asilimia 6 kwa mwaka. Na kama bei za vitu zilikuwa zikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka, nguvu halisi ya fedha yangu ya kununua imeongezeka kwa kama theluthi moja tu kwa muda wote huo. Si hasara. Ila si utajiri, na ni malipo madogo kwa usingizi nilioupoteza. Mtu akikutajia faida yake kwa "mara ngapi", muulize kwanza ni miaka mingapi.

Jambo lililoniumiza zaidi halikuwa hata kuanguka kwa bei. Mwaka 2009 benki ilipungukiwa mtaji, ikatoa hisa mpya: kila mwenye hisa mbili aliruhusiwa kununua moja kwa bei ya chini. Barua ilinipa wiki tatu. Niliisoma mara moja, nikaiweka kwenye droo, nikijiambia sitoi fedha nyingine kwa watu walioshindwa kutunza zile za kwanza. Hisa zangu zilibaki 1,000 vilevile, lakini kipande changu cha benki kilipungua kwa theluthi. Faida ya benki mwaka 2023 ilikuwa mara mbili ya ile ya 2007. Faida kwa kila hisa ilikuwa imepanda kwa theluthi tu, na bei ikaifuata. Kwa hiyo ukisoma habari kwamba benki yako "imevunja rekodi ya faida", tafuta mstari wa faida kwa hisa. Ule mwingine ni wa mkurugenzi kujivunia.

Kwa nini benki hasa ina mambo haya? Kwa sababu fedha inayokopesha si yake. Katika kila 100 iliyo kwenye mizania, yaani hesabu ya mali na madeni yake, pengine 10 tu ni mtaji wa wenye hisa. Zilizobaki ni za wenye amana na wadai wengine. Mikopo ikiharibika kwa 5 katika hizo 100, nusu ya mtaji wenu imeondoka, hata kama 95 zilizobaki ni salama kabisa. Kiwanda kinaweza kupata hasara miaka mitatu kikaendelea kuburura miguu. Benki huponzwa na siku mbili za wenye amana kukimbia. Silicon Valley Bank ya Marekani, tarehe 9 Machi 2023, wateja waliomba kutoa dola bilioni 42 ndani ya siku moja. Kesho yake ikafungwa. Wenye amana walilindwa. Wenye hisa hawakuachiwa kitu.

Ukubwa na umri havisaidii kama tunavyodhani. Credit Suisse, benki ya Uswisi, ilianzishwa mwaka 1856, na katika mpango wa Machi 2023 wa kuuzwa kwa mshindani wake UBS, wanahisa wake walipewa hisa moja ya UBS kwa kila hisa 22.48 walizokuwa nazo. Citigroup, benki kubwa ya Marekani, haikufa, ila wasikilize waliosubiri: mwishoni mwa 2006 hisa ilikuwa kama dola 55, na Machi 2009 ilishuka hadi chini ya dola moja. Mwaka 2011 kila hisa kumi zikaunganishwa kuwa moja, kwa hiyo ile 55 ya zamani ni sawa na 550 kwa hisa za sasa. Bado haijaikaribia. Wakati huohuo aliyeshika hisa za JPMorgan, benki nyingine kubwa ya Marekani, tangu Machi 2009 anacheka. Najua utasema ungechagua JPMorgan. Mwaka 2009 nayo ilikata gawio lake la robo mwaka kutoka senti 38 hadi senti 5, na wengi waliiuza kwa hofu ileile.

Daftari langu lina vistari viwili kwenye safu ya gawio, 2009 na 2020, miaka ambayo hakikuingia kitu. Cha kwanza ni makosa ya benki yenyewe. Cha pili kinanikumbusha kwamba gawio la benki haliamuliwi na benki peke yake: Machi 2020, kwa mfano, Benki Kuu ya Ulaya ilizitaka benki zilizo chini yake zisitishe magawio, hata zile zilizokuwa na faida. Anayepanga kuishi kwa gawio la benki moja ajue kuna mtu wa tatu mezani.

Mimi nimefanyaje? Tangu 2023 nimekuwa nikiuza kidogo kidogo na kupeleka fedha kwenye mfuko unaofuata fahirisi ya soko zima, yaani unaonunua kidogo kidogo hisa za kampuni zilizo sokoni, ambamo benki yangu nayo imo, kama tone. Nimebakiza hisa 600. Kuna anayeniambia huo ni woga, na kuna anayeniambia hata hizo 600 ni ukaidi. Nadhani wote wana haki. Kigezo changu ni kwamba benki ikifungwa kesho asubuhi, nikasirike, lakini nisibadilishe mpango wowote wa maisha.

Ripoti ya mwaka imefika wiki iliyopita. Zamani nilikuwa naanza na barua ya mwenyekiti na picha zake. Sasa naanzia nyuma, kwenye maelezo ya mikopo chechefu, ile isiyolipwa kama ilivyokubaliwa. Safari hii imepanda kutoka asilimia 4 hadi 6, na fedha zilizotengwa kuifidia hazijapanda kwa kasi hiyo. Nimezungushia duara kwa kalamu nyekundu, na kesho nampigia dalali.