Usilipange Upya Jalada: Kwa Wanaoanza Kazi ya Nyaraka

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikabidhiwa bunda la barua za familia moja ya hapa Dar es Salaam niziorodheshe. Niliona zimekaa hovyo: ya Desemba juu, ya Machi katikati, risiti imekunjwa ndani ya barua ya harusi. Nikatumia siku mbili kuzipanga kwa tarehe, nikaridhika. Mkuu wangu alipokuja hakunigombeza. Aliuliza tu, "Hii ya Desemba ilikuwa imekunjwa pamoja na nini?" Sikuwa na jibu. Mwenye barua aliweka kila swali na jibu lake, kila deni na risiti iliyolimaliza. Mpangilio ule ndio uliokuwa ushahidi, nami nimeuvunja. Barua zote zipo mpaka leo, ila nani alikuwa akimjibu nani, hakuna tena wa kutueleza.

Kwa hiyo, wadogo zangu, kabla ya kugusa chochote, piga picha ya jalada lilivyo: kwanza gamba lenye namba, kisha kurasa kwa kufuatana. Picha ya ukurasa isiyo na namba ya jalada haina kazi. Mwezi mmodi baadaye hutajua ilikotoka. Penseli tu mezani, kalamu ya wino iache kwenye begi.

Jambo la pili ni kutosahihisha. Nyaraka za Wajerumani, waliohamishia makao yao makuu Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, zimeandika Muansa, Moschi, Udjidji. Lushoto ni Wilhelmstal, Tukuyu ni Neu-Langenburg, Kasanga ni Bismarckburg. Kijana anayetafuta "Lushoto" peke yake atasema hakuna kitu, kumbe kipo mbele yake. Ukihariri, acha jina kama lilivyoandikwa, kisha weka la sasa kwenye tanbihi na kwenye faharasa. Faharasa msiidharau. Hapo ndipo ukutubi, yaani kazi ya maktaba, na historia vinapokutana, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu zinataka subira zaidi. Kasra, alama ya irabu iliyo chini ya herufi, inaweza kuwa i au e, na dhuma, iliyo juu yake, u au o, hivyo "toa" na "tua" huweza kuandikwa sawasawa. Maana inaamuliwa na sentensi, na mara nyingine na mzee anayejua lugha ya pwani. Muulize, kisha uandike kwamba umeuliza. Tarehe za Hijria zinakiliwe kama zilivyo, na ya Miladi iwe kwenye mabano yako. Na saa! "Saa mbili asubuhi" ya Mswahili ukiigeuza kuwa 2:00, umemwamsha karani usiku wa manane.

Jifunzeni pia kwamba jambo moja hukaa nyumba mbili. Ukitaka Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, majalada ya serikali ya Kijerumani yako Upanga, kwenye Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Lakini mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee, na maelezo yale yana watu ambao afisa wa Kijerumani hakuwaona kabisa. Aliyesoma upande mmoja tu asiharakishe kuandika kitabu.

Masomo mtayapata darasani. Unyevu wa mji huu mtaujifunza rafuni. Pini ya chuma hupata kutu na kula karatasi, kwa hiyo itoe taratibu, ukibonyeza karatasi kwa kidole ili isichanike, na uandike ilishika kurasa zipi. Masika ikikaribia, anzeni na rafu ya chini.