Chai ya Maziwa Inaniangusha Tangu Nifanyiwe Oparesheni ya Tumbo

Maswali ya wasomaji, mshauri wenu wa lishe anajibu

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni mama wa watoto wawili nipo Tabata, mwaka jana nilienda India nikafanyiwa ile oparesheni ya kupunguza tumbo, ile ya baipasi, nilikuwa na kilo 131 na sukari na presha vyote vimepanda, namshukuru Mungu sasa hivi nipo 88 na dawa za sukari nimeachishwa. Shida ni kula anti. Asubuhi nikinywa chai ya maziwa na vitumbua viwili haiishi nusu saa moyo unaenda mbio, jasho linanitoka mpaka kanga inalowa, tumbo linakata naharisha, alafu nalala sina nguvu hata ya kumbeba mtoto. Siku ingine inakuja tofauti, nakula wali wangu na juisi vizuri tu, kwenye saa mbili mbele nipo kwenye daladala mikono inatetemeka macho yanaingia giza, juzi abiria walinishusha Buguruni wakaninunulia soda nikapata nafuu, nafika nyumbani ikarudi tena. Ugali nao unanikwama hapa kifuani natema mate ya povu. Mama mkwe anasema nimerogwa, dada angu anasema presha, mi nimefika mahali naogopa sahani. Hivi waliniharibu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hujarogwa na wala hawajakuharibu. Hicho kinachokupata kinaitwa dampingi, watu wengi wa baipasi wanakijua, ila naona hakuna aliyekaa na wewe akakufafanulia kabla hujapanda ndege kurudi, na hilo linaniuma kwasababu mtu anatumia hela zote zile kusafiri alafu anarudi na karatasi moja ya maelekezo ambayo haijataja kitumbua wala ugali.

Iko hivi. Tumbo la kawaida mwisho wake lina msuli unaobana na kuachia, ni kama bawabu mlangoni, anaruhusu chakula kishuke kwenye utumbo kidogokidogo. Kwenye baipasi wanatengeneza kifuko kidogo juu, mwanzoni kinabeba kama mililita 30 tu, yaani vijiko viwili vikubwa vya mezani, wanakiunga na utumbo mwembamba moja kwa moja na yule bawabu anarukwa. Sasa angalia kifungua kinywa chako: chai yenye sukari, juu yake kitumbua ambacho ni mchele, sukari na mafuta, vyote vinaanguka kwenye utumbo kwa mkupuo. Sukari nyingi ikijaa pale inavuta maji kutoka kwenye damu, utumbo unavimba ndio hayo maumivu na kuharisha, na huku kwenye damu maji yamepungua kwahiyo presha inashuka moyo unakimbia kufidia. Hiyo ndio ya mapema, inakuja ndani ya dakika 10 mpaka 30.

Ile ya kwenye daladala ni ndugu yake, inachelewa, inakuja saa moja mpaka tatu baada ya kula. Wali na juisi vimeingia kwenye damu kwa kasi, kongosho likamwaga insulini kupita inavyotakiwa, sukari ikaporomoka chini. Wale abiria Mungu awabariki, walifanya kitu sahihi kukupa sukari, ila soda chupa nzima bila chakula kingine inakupandisha haraka na kukuangusha tena, ndio maana ilirudi ulipofika nyumbani. Ikikutokea tena na una kile kimashine cha kupima sukari, pima kwanza, ukikuta chini ya 3.9 mmol/L kunywa nusu glasi tu ya juisi au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, subiri robo saa, ukiona imetulia kula kitu chenye protini kama yai au karanga ili isianguke tena. Kama huna kimashine usikae kusubiri, fanya hivyohivyo. Ukizimia, au ikawa inakujia mara kwa mara, hiyo sio ya kumalizana nayo jikoni, nenda kwa daktari wa sukari na homoni, dawa za kusaidia zipo. Na siku unazojisikia hivyo usiendeshe gari.

Tuje kwenye chai maana najua hapo ndipo penye kilio. Chai huachi, unaibadilisha. Sukari toka, asali nayo toka, watu wanadhani asali ni dawa ila kwenye utumbo wako inafanya kazi ileile. Weka tangawizi, iliki, mdalasini, utazoea mdomo. Maziwa jaribu kidogo pekeyake bila kitu kingine siku moja uone, kuna watu baada ya oparesheni hii maziwa yanawaharisha hata bila sukari lakini mtindi usio na sukari wanauweza vizuri. Alafu chai usishushie chakula. Kula kwanza, subiri nusu saa, ndio unywe, taratibu. Kimiminika ukikichanganya na chakula kinakisukuma chini haraka na wewe hicho ndicho hutaki.

Kabla ya chai sasa, asubuhi anza na protini. Yai la kuchemsha, au maharage ya jana uliyoyaponda, au samaki kidogo, maliza hicho ndio uguse kipande cha kiazi kitamu au ndizi ya kuchemsha. Mpangilio huo ufuate kila mlo, protini mbele, mboga, wanga mwisho na uwe kidogo. Kwa siku unatafuta gramu 60 mpaka 80 za protini, na bila nia haifiki, yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa 8, kipande cha samaki cha gramu 100 ndio kinakupa 20 na kitu. Hapa mi nawapigia debe dagaa siku zote. Kaanga wakavu bila mafuta, toa vichwa, saga kwenye blenda, weka kwenye chupa, nyunyizia kwenye mboga, kwenye maharage, kwenye mayai. Ni rahisi, inapatikana kila genge, na kwa mtu ambaye sahani yake imekuwa ndogo kila kijiko kinatakiwa kibebe kitu. Uji wa lishe nausikia unapendekezwa sana kwa wagonjwa, kwako wewe uwe na tahadhari nao, unga laini uliopikwa mwepesi unashuka mbio hata usipoweka sukari.

Ugali unakwama kwasababu unashuka tonge zima na unashikana. Wengine mkate mlaini, chapati na nyama kavu ya kuchoma ndio vinawafanyia hivyo. Tonge liwe la ukubwa wa ncha ya kidole gumba, tafuna mpaka liwe uji mdomoni, weka mkono chini kabla ya tonge lingine. Na dalili ya kushiba kwako imebadilika, sio tumbo kujaa tena, saa ingine ni mafua ya ghafla au kwikwi au kubanwa hapo kifuani, ukiisikia acha hata kama limebaki tonge moja. Hapa mama mkwe anahitaji kuelezwa, kwasababu kwetu mtu akiacha chakula kwenye sahani mwenye nyumba anajiona amedharauliwa. Mwambie kwa upole mama chakula chako kitamu, nifungie nitakula tena saa kumi, na kweli ule saa kumi, maana milo midogo mitano au sita ndio inayokufaa. Ila kama kukwama kunazidi mpaka vitu laini havipiti, rudi kwa daktari wakuangalie kwa kamera, pale kwenye maungio panaweza kusinyaa na panatanuliwa bila kukukata tena.

Hukuandika kitu kuhusu vidonge vya vitamini na hapo nimepata wasiwasi. Hivyo ni vya maisha yote, sio vya miezi mitatu. Sehemu ya utumbo inayofyonza chuma imerukwa, vitamini B12 nayo haifyonzwi kama zamani, na hizi mbili zikiisha zinaisha kimyakimya, B12 ina akiba kwenye ini inaweza kukaa miaka, siku unaanza kufa ganzi miguuni tayari upo mbali. Mama anayeendelea kupata siku zake anahitaji chuma miligramu 45 mpaka 60 kwa siku, kalsiamu jumla miligramu 1,200 mpaka 1,500 uigawe ya 500 au 600 kwa mara moja, chagua ile ya sitreti kwasababu haihitaji asidi ya tumbo. Chuma na kalsiamu usimeze pamoja, weka saa mbili katikati, na chuma usimezee chai hata siku moja, chai inakizuia kisifyonzwe na nawajua wadada wengi wanaomeza hivyohivyo kila asubuhi alafu damu haipandi. Damu upimwe walau mara moja kila mwaka. Mgongo ukiuma usikimbilie diklofenaki wala ibuprofeni ya dukani, kwa mtu wa baipasi zinachimba vidonda pale kwenye maungio, parasetamo inatosha. Na kama unapanga mtoto wa tatu subiri itimie miezi 12 mpaka 18 toka oparesheni, vidonge vya uzazi wa mpango usivitegemee sana havifyonzwi vizuri, ulizia sindano, kijiti au kitanzi. Siku ukiwa mjamzito wakikuambia unywe ile glukosi ya kupimia kisukari cha mimba, waambie una baipasi, wapime kwa njia nyingine, usije ukaanguka kliniki.

SWALI: Assalaam aleikum. Niko Mombasa, nimefanya slivu, ile oparesheni ya kukata na kutoa sehemu kubwa ya tumbo, miezi minne iliyopita, nywele zinatoka mkononi kila nikichana na Ramadhani inakuja. Nitaweza kufunga?

JIBU: Waaleikum salaam dada. Nywele kwanza, huo ni mshtuko wa mwili kupungua haraka, unaanza mwezi wa tatu au wa nne na kwa wengi nywele zinarudi zenyewe ndani ya mwaka. Usimwage hela kwenye mafuta ya kuoteshea, pima akiba ya chuma na hesabu protini yako. Ukimeza vidonge vya bayotini, ile vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele, waambie maabara kabla hawajakutoa damu, vinapotosha baadhi ya vipimo.

Kufunga mwaka huu mimi nasema hapana. Miezi minne bado ni mapema mno, tumbo lako sasa ni kama robo ya lile la zamani na maji unayahitaji lita moja na nusu kwenda juu kwa siku, ambayo unainywa kwa mafunda, sasa ukiibana yote kati ya magharibi na alfajiri pamoja na chakula haitoshei, utapungukiwa maji na figo zitalia. Mgonjwa ana ruhusa katika dini yetu na siku zinalipwa, zungumza na daktari wako pamoja na sheikh unayemwamini. Mwaka ujao daktari akikuruhusu, futari iwe tende moja na maji, pumzika uswali, ndio uje kwenye samaki au kuku au dengu. Slivu inamwacha palepale mlangoni yule bawabu niliyemtaja juu kwahiyo dampingi ni nadra kidogo kuliko baipasi, ila tende tano juu yake glasi ya juisi ya embe na kaimati za shira, hata mwenye slivu ataitafuta sakafu.

SWALI: Habari dada. Mke wangu alifanyiwa slivu wiki sita zilizopita, anatapika kila kitu sasa ni siku ya tisa, zahanati ya mtaani wanamtundikia dripu ya glukosi anapata nafuu kidogo tunarudi nyumbani. Toka jana anasema anaona vitu viwiliviwili na akisimama anayumba. Ni njaa tu?

JIBU: Kaka, tulikupigia siku ileile barua ilipofika na nashukuru mlienda hospitali kubwa usiku huohuo, naichapisha kwa ruhusa yako kwasababu kuna familia ingine ipo hapohapo ulipokuwa wewe.

Sio njaa. Mtu anayetapika siku zote hizo anaishiwa thiamini, yaani vitamini B1, mwili hauna akiba yake ya zaidi ya wiki mbili tatu. Ikiisha ubongo unaumia, na dalili ni hizo alizozitaja mkeo, macho kuona vitu viwili au kuchezacheza, kuyumba, kisha kuchanganyikiwa na kusahau. Ni dharura na inaweza kuacha ulemavu wa kumbukumbu usiorudi. Na hiyo dripu ya glukosi wanayoitundika kwa nia njema inaweza kuzidisha, kwasababu mwili ukichoma sukari unatumia thiamini, ile tone iliyobaki inaisha. Sindano ya thiamini inatakiwa itangulie, au angalau iende pamoja na dripu. Nesi wa zahanati hana kosa kama hajaambiwa mgonjwa amefanyiwa nini, matundu ya oparesheni hizi ni madogo mno tumboni, huwezi kujua kwa kuangalia, na wengi wanaficha kwasababu mtaani mtu akikonda anasemwa ana ule ugonjwa, akijulikana amekatwa tumbo anasemwa mvivu wa mazoezi.

Kwahiyo wote mliofanyiwa, iwe India, Uturuki, Nairobi au hospitali ya Mloganzila kwa wale waliowekewa puto tumboni, andikeni karatasi iwekwe pamoja na kitambulisho na nyuma ya simu: aina ya oparesheni, tarehe, dawa unazotumia, na mstari mmoja wa herufi kubwa, NIKITAPIKA NIPEWE THIAMINI KABLA YA GLUKOSI. Mweleze mtu mmoja nyumbani, mume, dada, hata mtoto mkubwa. Kutapika kukipita siku mbili mfululizo, au maji hayakai tumboni siku nzima, nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji, hata kama ni usiku. Kaka, mkeo akiruhusiwa waulize ataendelea na thiamini kwa muda gani, na aonwe na mtaalamu wa lishe kabla hajatoka wodini.