Vidole viwili na faili moja: kuendesha shirika dogo wakati wa joto la siasa

Oktoba 2024, wiki chache kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, tulimaliza mafunzo ya siku mbili katika kijiji kimoja cha wilaya yetu. Washiriki 32, wengi wao kina mama. Tulikuwa tunawafundisha kusoma taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji, ile inayobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji ikapigwa jua mpaka inageuka njano bila mtu kuisogelea. Mwishoni tukajipanga chini ya mwembe kupiga picha. Mpiga picha, kijana wetu wa kujitolea, akatania: "Mnataka turudi mara ngapi?" Kina mama wakacheka, wakanyoosha vidole viwili.

Picha iliingia kwenye grupu la WhatsApp saa kumi jioni. Saa tatu usiku simu yangu ikaita. Kwa aliye Tanzania sina haja ya kueleza vidole viwili ni salamu ya chama gani cha upinzani.

Sikulala. Asubuhi nilikwenda ofisi niliyoitwa nikiwa na faili la kijani lililoandikwa jina la kijiji kwa kalamu nene. Ndani yake: nakala ya cheti cha usajili, barua ya utambulisho kutoka halmashauri, ratiba, mada tuliyofundisha neno kwa neno, mahudhurio yenye sahihi na alama za dole gumba, na barua yetu kwa mtendaji wa kijiji, "YAH: KUFANYA MAFUNZO KIJIJINI KWAKO", imegongwa muhuri wa kupokelewa siku kumi na moja kabla. Bwana aliyeniita alifunua karatasi polepole. Alipofika kwenye muhuri akasimama. "Kumbe mlipita kwa mtendaji." Akafunga faili. "Picha ifuteni. Na huyo kijana wako, mama, mwambie apunguze utani."

Dakika ishirini, basi. Wenzetu wa wilaya ya jirani walikuwa na kosa dogo kuliko letu, ila barua yao ilikuwa ya mdomo: "tuliongea naye kwa simu". Walisimama kazi miezi minne.

Sisemi kwamba karatasi inaokoa kila shirika. Lipo shirika litakaloandamwa kwa sababu ya kile linachosema, hata kama lina mihuri ya nchi nzima, na hilo halitibiwi na faili. Lakini sisi wadogo, tunaokaa kwenye chumba kimoja juu ya duka la dawa, mara nyingi tunaangukia kwenye karatasi. Majirani zetu Uganda waliona Agosti 2021, mashirika 54 yaliposimamishwa kwa mkupuo. Yalikuwemo yanayofahamika kwa kazi za haki na utawala, na wengi waliona siasa humo. Lakini sababu zilizoandikwa zilikuwa vibali vilivyokwisha muda, hesabu ambazo hazijawasilishwa, kutosajiliwa. Anayekutafuta hahitaji kuvunja mlango uliouacha wazi mwenyewe.

Kwetu milango hiyo iliongezeka. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliyataka mashirika yaliyokuwa chini ya sheria ya makampuni au ya vyama yahamie kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, na cheti sasa kinadumu miaka kumi, kisha unahuisha. Kanuni za 2018 zilishaleta jambo jingine: mkataba wa fedha unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku kumi tangu kusainiwa. Siku kumi! Ukisaini Ijumaa mchana, wikiendi imeshakula mbili. Vipengele vingine sivipendi na nimelalamika kwenye vikao. Lakini kulalamika ni kazi moja na kutimiza ni nyingine, na mimi nazifanya zote mbili kwa pamoja. Tarehe zote, ada ya mwaka, ripoti ya mwaka, hesabu zilizokaguliwa, nimezizungushia wino mwekundu kwenye kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi iliyoko ukutani. Iko mahali ambapo hata mfagiaji ananikumbusha.

Kuhusu viongozi wa wilaya, ushauri wangu ni mfupi: msiende kwa afisa maendeleo ya jamii siku mnapohitaji sahihi tu. Nendeni hata siku hamna shida, mwambieni mlifanya nini, kilichoshindikana kikiwemo. Na bahasha msizoee. Kiongozi akija kufungua mafunzo yetu anapata nauli na chakula kama washiriki wengine, na anasaini. Wapo walionuna. Hakuna aliyewahi kusema tulimnunua, wala kusema tumemnyima safari hii ilhali safari ile tulimpa.

Jambo lililotuumiza zaidi halikutoka serikalini, lilitoka ofisini kwetu. Katikati ya 2025 mhasibu wetu alichukua fomu ya kugombea udiwani. Haki yake kabisa. Ila mchana alikuwa anasaini vocha za shirika, jioni yuko kwenye vikao vya chama na fulana yetu mgongoni. Hatukuwa na mstari hata mmoja ulioandikwa kuhusu hilo. Bodi iligawanyika, mmoja akasema tunamwonea, mwingine akasema tukimwachia tumekwisha, na mimi katikati najua kwamba lolote tutakaloamua litasomwa kichama. Tuliandika kanuni usiku ule ule: anayechukua fomu ya chama chochote anaingia likizo bila malipo siku hiyo hiyo, anakabidhi funguo, fulana na namba za siri. Alikubali, lakini kwa uchungu, kwa kuwa kanuni iliyoandikwa baada ya jambo kutokea ina jina la mtu ndani yake hata kama halikutajwa. Nyie iandikeni leo, kabla hamjamjua nani ataichukia.

Na bodi yenyewe ichanganyeni. Yetu ina kada wa chama tawala, mwalimu mstaafu ambaye kila mtu anajua anapigia kura upande gani, shehe, na mama muuza samaki ambaye siasa zinamchosha. Vikao ni virefu. Lakini wakikubaliana, hakuna wa kutuambia sisi ni watu wa fulani.

Fedha sasa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, shirika kubwa lililokuwa linatupa ruzuku lilituandikia kwamba kazi isimame mara moja. Katika kila shilingi kumi tulizokuwa tunatumia, saba zilitoka huko. Siasa za nchi ambayo sijawahi kuikanyaga zikaegesha pikipiki yetu. Watumishi wawili waliondoka, mmoja akiwa na miaka sita nasi, na barua yake niliandika mwenyewe.

Kilichotubakiza mjini ni viti. Mwaka 2022 tulinunua viti vya plastiki 200 na turubai moja kwa akiba ya ada za wanachama, vya kukodisha kwenye harusi na misiba. Kuna mfadhili aliyetucheka. Viti hivyo vimelipa pango la ofisi mwaka mzima. (Mwulizeni mhasibu habari za kodi kabla hamjaanza, na ingizeni kila kiti kwenye vitabu.)

Halafu intaneti. Ilipozimwa siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, ikakaa siku kadhaa hivyo, orodha zetu zote za namba za simu za wanavijiji zilikuwa mtandaoni. Nilikuwa nahubiri faili la karatasi miaka yote, na lile la muhimu kuliko yote sikuwa nimelichapa. Sasa liko kwenye daftari la kaunta, na mwenzangu ana nakala nyumbani kwake.

Kwa kina mama wa vidole viwili tulirudi Machi 2025, barua ikiwa imegongwa muhuri. Ruzuku ilikuwa imekatika, hatukuwa na posho ya kumpa mtu, nami nilitegemea watu kumi. Walikuja 26, wengine na uji kwenye chupa. Ulipofika wakati wa picha chini ya mwembe, mwenyekiti wao alisimama mbele akawakagua mikono mmoja mmoja kama mwalimu wa zamu, kisha akaamuru kila mtu ashike daftari kwa mikono miwili.