Maji ya rejeta ndani ya giaboksi

SWALI: SUV yangu ya kifahari, otomatiki, inapunguza maji ya rejeta bila tone kuonekana chini. Sasa inatetemeka na gia zinachelewa kuingia. Fundi anataka tubadilishe giaboksi.

JIBU: Usiiwashe tena, ivutwe. Chota oili ya giaboksi: ikiwa ya waridi, imepauka kama maziwa, kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta kimetoboka na maji yanaingia kwenye giaboksi. Glaikoli, kemikali iliyomo kwenye maji ya rejeta, hulegeza gundi ya bitana za klachi, ndiyo maana kila siku ya kusubiri ina gharama. Anza na rejeta mpya, suuza mabomba ya kipoza, weka filta mpya, kisha mwaga oili na ujaze mpya mara kadhaa, kwani nyingi hubaki kwenye toki konventa, kifaa cha oili kinachounganisha injini na giaboksi. Mtetemo ukiendelea, klachi zimekwisha na fundi wako ana haki. Oili ikiwa nyekundu safi, apime rejeta, injini ikiwa baridi, kwa presha iliyoandikwa kwenye kifuniko.